Je, Mama Anyonyeshaye Aweza Kupata Mimba?

Mama wengi wa Kiwanja husema hivi: "Mimi ninanyonyesha, tena tangu kuzaa sijaona damu. Siwezi kupata mimba." Bibi zetu walisema neno hilo hilo, nalo lina kweli ndani yake. Lakini si kweli nzima. Wako mama wanaokuja kupimwa wakidhani wana ugonjwa wa tumbo, kumbe wana mimba ya miezi minne, na mtoto wa mgongoni hajaanza kutembea. Damu hawakuiona hata siku moja. Imekuwaje? Tuangalie kazi ya mwili, ndipo tutafahamu.

MAYAI YA MWANAMKE

Kila mwanamke ana mifuko miwili ya mayai, mmoja kuume na mmoja kushoto, karibu na tumbo la uzazi. Huitwa ovari. Mtoto wa kike huzaliwa na mayai kama milioni 1 au 2. Akivunja ungo hubaki 300,000 au 400,000 hivi. Katika maisha yake yote ni mayai 400 au 500 tu yatakayokomaa na kutoka. Mengine yote hunyauka yenyewe, na hilo si ugonjwa.

Kila yai hukaa ndani ya kijifuko chake, ambacho madaktari huita folikuli. Kikiwa kichanga hakionekani kwa macho. Kikikomaa huwa na upana wa milimeta 20 hivi, kama kidole gumba.

MJUMBE NA KIPOKEZI CHAKE

Ni nani aiambiaye folikuli, "Kua sasa"? Chini ya ubongo iko tezi ndogo kama punje ya haragwe, jina lake pituitari. Tezi hiyo hutuma wajumbe katika damu. Wajumbe hao huitwa homoni. Wawili ndio wenye kazi katika ovari. Wa kwanza hukuza folikuli, na madaktari humwandika FSH. Wa pili huandikwa LH, naye ndiye apasuaye folikuli iliyokomaa.

Sasa utauliza: damu hupita mwili mzima, mbona mguu au jicho halisikii wajumbe hao? Ni kwa sababu havina vipokezi vyao. Kipokezi ni kitu kidogo mno kilicho juu ya chembe ya mwili, nacho hupokea homoni yake, kama kufuli lipokeavyo ufunguo wake. Chembe zinazolizunguka yai zina vipokezi vya FSH. Ufunguo ukiingia, chembe huongezeka, na folikuli hukua na kujaa maji. Chembe za ukuta wa nje zina vipokezi vya LH. Hizi za nje na zile za ndani husaidiana kutengeneza homoni nyingine, iitwayo estrojeni.

Kila mwezi folikuli kadhaa huanza kukua pamoja. Estrojeni ikiongezeka katika damu, pituitari hupunguza FSH. Hapo folikuli yenye vipokezi vingi huweza kuendelea hata kwa FSH kidogo. Zenzake hukosa, zikanyauka. Ndiyo sababu kwa kawaida huzaliwa mtoto mmoja, wala si wengi pamoja. Folikuli iliyoshinda huota pia vipokezi vya LH katika chembe zake za ndani. Estrojeni ikikaa juu sana kwa siku mbili hivi, pituitari humwaga LH nyingi kwa ghafula. Baada ya siku moja na nusu hivi, folikuli hupasuka na yai hutoka.

Folikuli iliyopasuka haiachi kazi. Hutoa projesteroni, homoni itengenezayo kitanda cha mtoto katika tumbo la uzazi. Mimba isipoingia, kitanda hicho huvunjika baada ya siku 14 hivi. Hiyo ndiyo damu ya mwezi.

Basi shika neno hili moja: yai hutangulia, damu hufuata.

MTOTO ANYONYAPO

Mtoto akinyonya, mishipa ya fahamu ya titi hupeleka habari kwenye ubongo. Hapo mambo mawili hutokea. Kwanza, pituitari hutoa prolaktini, homoni ya maziwa, ambayo vipokezi vyake vimo katika matiti. Pili, sehemu ya ubongo inayoiamuru pituitari hupunguza amri zake, na LH haitoki tena kwa mapigo yake ya kawaida. Vipokezi vya ovari vipo, lakini mjumbe haji kama ipasavyo. Kwa hiyo folikuli hazikomai.

Jambo hili lilichunguzwa hapa kwetu Kivu, wakati jimbo lilipokuwa bado moja. Mwaka 1977 Delvoye na wenzake waliandika habari za mama wanyonyeshao wa Kivu waliopimwa damu. Waliona kwamba hesabu ya kunyonyesha ndiyo yenye nguvu. Mama walionyonyesha zaidi ya mara 6 kwa siku, prolaktini yao ilikaa juu hata kupita mwaka. Kwa walionyonyesha mara chache, ilishuka mapema.

Basi bibi zetu hawakusema uongo. Mtoto wao alikaa mgongoni shambani, akalala ubavuni pa mama, akanyonya usiku na mchana kila alipotaka. Leo mama aenda sokoni asubuhi, mtoto abaki na dada yake na kikombe cha uji. Kunyonya kukipungua, amri za ubongo hurudi, na folikuli moja hukomaa. Yai lake laweza kutoka kabla damu ya kwanza haijaonekana. Akipata mimba kwa yai hilo, damu ataionea wapi?

HATARI KWA MTOTO WA KWANZA

Wengi hudhani maziwa ya mama mwenye mimba yameharibika, nao humwachisha mtoto kwa siku moja. Hiyo si kweli, maziwa hayaharibiki. Mtoto aliyeachishwa hivyo, akalishwa mihogo mitupu, huvimba miguu, nywele zake hugeuka rangi, naye hataki kucheza. Hapa Kivu twauita ugonjwa huo bwaki. Mwaka 1935 daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi ambayo leo ni Ghana, aliuandika kwa jina la kwashiorkor. Ni neno la watu wa huko, maana yake ugonjwa wa mtoto anaofuatwa na mdogo wake. Mama wa Ghana na mama wa Kivu wameona jambo moja.

SHERIA TATU

Mwaka 1988 wataalamu walikutana Bellagio, Italia, wakapatana juu ya sheria tatu. Kunyonyesha huzuia mimba ikiwa zote tatu zipo pamoja:

1. Mtoto hajapita miezi 6.
2. Mtoto anyonya tu, au karibu kabisa, mchana na usiku, bila kupewa uji wala maziwa mengine.
3. Mama hajaona damu ya mwezi tangu kuzaa.

Mama akishika zote tatu, katika mama 100 hawafiki 2 watakaopata mimba. Moja ikivunjika, usingoje mwezi ujao. Nenda kwenye kituo cha afya, uende pamoja na mume wako ikiwezekana, mkaulize njia isiyodhuru maziwa. Ziko sindano, vidonge na vijiti vya mkononi vyenye dawa inayofanana na projesteroni. Dawa hiyo huingia katika vipokezi vile vile vya projesteroni. Lakini vidonge vyenye estrojeni havimfai mama anyonyeshaye mtoto chini ya miezi 6. Kwa hiyo usinunue vidonge sokoni bila kuuliza.

Nawe baba, usimwachie mama peke yake mashauri haya. Shirika la Afya Ulimwenguni lashauri kungoja miezi 24 baada ya kuzaa kabla ya kutafuta mimba nyingine. Katika miezi hiyo mtoto huendelea kunyonya, akiongezewa maharagwe, mayai, samaki na mboga tangu miezi 6, na mama hurudishiwa nguvu zake.