Umetuma pesa kwa nambari isiyofaa? Usingoje kesho

Umekosea tarakimu moja tu, na shilingi 2,500 zimemwendea mtu usiyemjua. Ukitaka kwenda kortini, muda upo: Sheria ya Kenya inatoa miaka 6 kwa madai ya mkataba, na Mahakama ya Madai Madogo husikiliza kesi zisizozidi shilingi milioni 1.

Lakini muda unaokubana kweli ni wa dakika. Mpokeaji akishazitoa kwa ajenti, sisi hatuna cha kurudisha kwenye laini yake. Kwa hivyo ripoti kwetu kwanza, hata kama ni usiku. Kumpigia na kumbembeleza baadaye. (Wengine hata hungoja Jumatatu!) Na ile meseji ya muamala usiifute. Nambari iliyo ndani yake ndiyo tunayoanzia kutafuta.