Orlando Martins na Uhusika wa Mganga: Mwigizaji wa Lagos katika Filamu za Uingereza Kuhusu Afrika Mashariki

Mwigizaji wa nafasi ndogo hukumbukwa kwa sura kuliko kwa jina. Orlando Martins, aliyezaliwa Lagos mwaka 1899, ni mmoja wao. Makala haya yanamwangalia kwa sababu inayotuhusu: kati ya 1946 na 1963, watazamaji wa Uingereza walioonyeshwa Tanganyika na Kenya katika sinema walionyeshwa mara kwa mara uso wa Mnaijeria huyu.

Kabla ya filamu alikuwa mlinzi wa usiku, mchukuzi katika soko la samaki la Billingsgate, mwanamieleka na mchezesha nyoka katika sarakasi. Mwaka 1935 alionekana katika Sanders of the River, filamu inayomtukuza afisa wa kikoloni, ambamo Paul Robeson alikuwa nyota na Jomo Kenyatta, aliyekuwa akiishi London, alipata nafasi ndogo. Mwaka uliofuata aliigiza jukwaani na Robeson katika tamthilia ya C. L. R. James kuhusu Toussaint Louverture na mapinduzi ya watumwa wa Haiti. Kazi hizo mbili zinapingana kimsingi, lakini mwigizaji Mwafrika wa wakati ule hakuwa na anasa ya kuchagua.

Kazi inayostahili kuchunguzwa zaidi ni Men of Two Worlds (1946), ya mwongozaji Thorold Dickinson. Kisenga, mpiga piano aliyeishi London, anarudi Tanganyika kusaidia kuwahamisha wanakijiji kutoka eneo la mbung'o na malale. Anayempinga ni Magole, yaani Martins. Hati ya filamu inamtaka Magole awe kizuizi cha maendeleo tu. Martins anampa utulivu na haiba hata hofu ya Kisenga, msomi, inaaminika. Kwa maoni yetu, hapo mwigizaji ameishinda hati. Hata hivyo, Kiingereza cha filamu kinamwita Magole kwa jina moja linalochanganya mganga na mchawi, watu ambao Kiswahili hakiwachanganyi. Anayeitumia filamu hii darasani au katika mjadala wa sera kama ushahidi wa uganga wa Tanganyika hana budi kukumbuka kwamba anaangalia hati ya Waingereza, mwigizaji wa Lagos, na kwa sehemu kubwa mandhari ya studio.

Baadaye alicheza katika Where No Vultures Fly (1951), West of Zanzibar (1954), Simba (1955), inayohusu Mau Mau, na Sammy Going South (1963). Nje ya mkondo huo, katika The Hasty Heart (1949) alikuwa askari Mwafrika asiyejua Kiingereza, akiigiza pamoja na Ronald Reagan.

Alirejea Naijeria mwaka 1959, akafariki Lagos mwaka 1985. Miongoni mwa filamu zake za mwisho ni Kongi's Harvest (1970), iliyotokana na tamthilia ya Wole Soyinka, naye Soyinka mwenyewe akaigiza kama Kongi.