Aliyenena Tu, Naye Ana Hatia?

Tuseme mtu anamwita kando mtumishi wa nyumba ya jirani yako na kumnong'oneza amwibie tajiri wake, kwa ahadi ya malipo. Mtumishi anakataa katakata. Hakikupotea hata kijiko. Je, mnong'onezaji ametenda kosa?

Swali la namna hiyo lilifikishwa mbele ya Mahakama ya Mfalme huko Uingereza mwaka 1801, katika kesi ya mtu aitwaye Higgins, aliyemshawishi mtumishi aibe mali ya bwana wake. Upande wake ulidai kuwa maneno matupu si jinai, maana sheria haihukumu nia ya moyoni. Jaji Mkuu Lord Kenyon na wenzake hawakukubali. Kumwendea mwingine na kumrai, waliona, ni tendo kamili, hata kama aliyeraiwa hakunyoosha mkono. Kosa hilo la uchochezi lilidumu nchini humo hadi tarehe 1 Oktoba 2008, sheria ya 2007 ilipolifuta na kuweka mahali pake makosa ya kuhimiza au kusaidia uhalifu.

Serikali ya shirikisho ya Marekani ilitunga sheria yake mwaka 1984, kwa makosa makubwa ya kutumia nguvu. Mshawishi aweza kupata hadi nusu ya kifungo cha kosa lenyewe. Na likiwa ni la kifo au kifungo cha maisha, miaka isiyozidi 20.

Ugumu uko katika ushahidi. Neno halina alama za vidole. Mtu aliyewaka hasira husema, "Laiti angetokea wa kumwondoa huyu," na kesho amesahau. Mwenye chuki naye aweza kubuni mnong'ono usiokuwapo. Ndiyo maana huko California kumtia mtu hatiani kwa kushawishi mauaji kwahitaji mashahidi wawili, au mmoja na mazingira yanayomuunga mkono. Naiona tahadhari hiyo kuwa ya haki, ingawa wajanja hunong'ona katika sikio moja tu.

Na aliyejuta? Chini ya sheria ile ya 1984, majuto peke yake hayamwokoi. Lazima awe ameacha kwa hiari yake, si kwa kuhofia kukamatwa, na awe amelizuia kosa lisitendeke. Aliyemtuma muuaji jioni, kisha moyo ukageuka usiku wa manane, hana budi kuamka na kumkimbilia kabla hakujapambazuka.