Kobe Bapa Ndani ya Boksi la Sabuni

Ijumaa moja, nilipotoka msikitini hapa Majengo, Pumwani, kijana wa jirani alinikimbilia na boksi la sabuni. "Shikamoo, babu. Njoo uone alichoniletea mjomba!" Nikachungulia. Ndani mlikuwa na kobe, bapa kama chapati.

Sisi watu wa pwani twamjua kobe kwa gamba gumu na mwendo wa pole. Huyu si wa namna hiyo. Gamba lake ni jembamba, lapinda ukilibonyeza, na urefu wake ni kama sentimita 18. Akiona hatari hajikunyati. Hutimua mbio hadi kwenye ufa wa jabali, akajibana humo asivutike. Ngome yake ni jiwe. Maskani yake ni majabali ya nyika za Kenya na Tanzania, na wachache wako kaskazini mwa Zambia.

Hapo ndipo penye balaa. Wanaomsaka wamwuze ng'ambo hung'oa mawe kwa mtaimbo. Jiwe likishavunjwa, ufa haurudi, na hata kobe aliyesalia hana pa kukaa. Kuna pia wachimbaji wa mawe ya ujenzi, na wafyekaji wa vichaka wanaotaka mashamba. Naye jike kwa kawaida hutaga yai moja tu kwa mara moja. Pengo lake halizibiki upesi. Mwaka 2019 alitajwa kuwa miongoni mwa viumbe walio ukingoni mwa kutoweka, na mwaka huo huo mataifa yakakubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kobe hawa wanaotolewa mwituni.

Mjomba mtu alipofika nilimweleza hayo. Akakunja uso. "Maalim, nimemnunua njiani nikitoka Kitui, kwa pesa zangu. Sikumwiba."

"Wamkumbuka yule mwanamke aliyemfungia paka," nikamwuliza, "asimlishe wala asimwachilie ajitafutie? Mtume, rehema na amani zimshukie, alitwambia alikoishia."

Akanyamaza.

Kijana akashauri tumwachilie kando ya Mto Nairobi. La, huko hana jabali lake. Jumatatu tukampeleka kwa maofisa wa wanyamapori, mjomba akitangulia, japo roho ilimdunda. Kijana alirudi na boksi tupu, machozi yakimlenga.

Ndugu msomaji, ukiuziwa kobe bapa njiani, usimnunue, hata kwa nia ya kumwokoa. Pesa yako ndiyo mtaimbo utakaong'oa jiwe la pili.