Milki ni nini, na ya Garissa ni ya nani?

Ukitaja "milki" kwetu pwani kila mtu anakuelewa. Nyumba ina mwenyewe, minazi ina mwenyewe, na mwenyewe huyo peke yake ndiye awezaye kuuza, kurithisha, kuweka wakfu au kumkataza mtu asipite. Neno ni la Kiarabu, na ndani yake mna maana ya utawala. Ndiyo maana wazee walimwita mfalme "maliki".

Sasa lichukue neno hilo ufike nalo Garissa, ng'ambo ya Mto Tana. Ardhi nyingi ya huko ni malisho, haina hati ya mtu mmoja. Mfugaji wa Ijara husema "ardhi yetu", akimaanisha jamii nzima. Mgeni mwenye ngamia huomba wakati wa kiangazi, akakaribishwa, mvua ikinyesha akarudi kwao. Wapo wanaosema basi hiyo ni mali ya serikali, maana haina hati.

Sivyo. Katiba ya 2010, kifungu cha 63, inasema ardhi hiyo ni ya jamii. Mpaka isajiliwe, serikali ya kaunti inaishika kwa amana, wala haina ruhusa ya kuiuza. Na sisi Waislamu tunajua tofauti ya amana na milki, hata kama baadhi ya viongozi wetu hujisahaulisha.

Lakini usajili una uzito wake. Barabara ya LAPSSET inatoka Lamu, inapita Ijara hadi Garissa. Serikali ikitwaa ardhi ya jamii isiyosajiliwa, fidia hushikwa na kaunti hadi siku jamii itakaposajiliwa. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka jamii iwe na orodha ya wanachama wake na kamati ya watu 7 hadi 15. Kuuza ardhi kunahitaji thuluthi mbili ya waliosajiliwa. Kwa hiyo, ndugu msomaji, orodha ndiyo kila kitu: asiyeandikwa hahesabiwi siku ya kuamua, awe mama mjane au kijana aliyehamia na mifugo.

Sisi pwani tulishayaonja haya. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilimtaka kila mwenye shamba apeleke madai yake. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa ya Mfalme wa Uingereza. Wajukuu wa waliokuwa wakiilima wangali wanaitwa maskwota.