Mashimo ya Nguzo Karibu na Mti Mkubwa

Ndugu wafanyakazi, tunapochimba mashimo ya nguzo za baraza karibu na mwembe au mvule, tukumbuke kuwa mizizi mingi imo katika sentimita 60 za juu za udongo, nayo huenea kupita kivuli cha matawi. Tuchimbe kwa mkono, polepole. Mzizi usiofikia unene wa sentimita 2.5 tuukate kwa msumeno mkali. Ulio mnene zaidi tuuache; fundi asogeze shimo na kupanga boriti upya. Mizizi minene ndiyo inayoushikilia mti. Ikikatwa karibu na shina, upepo wa mvua waweza kuuangusha juu ya nyumba na juu yetu. Msimamizi akituharakisha, tumweleze hayo kwa pamoja. Kusogeza shimo ni jasho la saa chache; roho ya mtu hailipiki.