Urithi wa Sifa: Mbegu za Maboga Makubwa ya Mashindano

Swali la urithi wa sifa haliishii kwenye njegere za Mendel. Unaweza kupewa mmea usiouzoea na kutakiwa kutumia kanuni zilezile. Hapa tutatumia boga la mashindano, spishi *Cucurbita maxima*.

Asili ya mbegu
Maboga mengi yanayoshindanishwa kwa uzito leo yana nasaba katika aina iitwayo Atlantic Giant. Aina hiyo ilikuzwa na Howard Dill, mkulima wa Windsor, Nova Scotia, nchini Kanada, aliyekuwa bingwa wa dunia mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Njia yake ilikuwa uteuzi: kuchagua wazazi bora, kuwachavusha, kisha kuchagua tena miongoni mwa watoto, kizazi baada ya kizazi. Mwaka 2023, huko California, boga moja lilifikisha kilo 1,247.

Uchavushaji unaodhibitiwa
Mboga huwa na maua dume na maua jike kwenye mmea mmoja. Nyuki akiachwa afanye kazi, baba wa mbegu hajulikani. Kwa hiyo mkulima:
1. hufunga ua jike na ua dume jioni, kabla hayajachanua;
2. asubuhi hupaka chavua ya ua dume kwenye stigma;
3. hufunga tena ua jike ili chavua nyingine isiingie;
4. huandika nasaba, mama kwanza, kisha baba.

Mbegu hupewa jina kwa uzito wa boga zilimotoka na jina la mkulima. Mfano ni “2009 Wallace”. Namba hiyo si mwaka! Ni pauni 2,009 (kilo 911 hivi) za boga alilovuna Ron Wallace mwaka 2012, la kwanza kuvuka pauni 2,000.

Kwa nini mbegu za boga moja hutofautiana?
Seli ya mwili ya mmea huu ina kromosomu 40. Meiosisi hutoa gameti zenye kromosomu 20, kila moja ikiwa na mchanganyiko wake wa aleli. Kila ovuli hurutubishwa na chembe yake ya chavua. Basi mbegu za boga moja ni ndugu, si nakala.

Mkulima anayetaka ukoo usiobadilika sana huchavusha mmea kwa chavua yake mwenyewe. Kila kizazi, jozi za aleli zisizofanana hupungua kwa wastani wa nusu. Uzito, hata hivyo, hutawaliwa na jeni nyingi pamoja na mazingira: maji, mbolea, joto na mwanga. Ndiyo maana mbegu ya ukoo mkubwa ikipandwa kwenye udongo duni haitatoa boga kubwa.

Zingatia
Nyama ya boga hukua kutoka kwenye ovari, hivyo seli zake zina jeni za mama peke yake. Hata ganda la mbegu ni la mama. Jeni za baba zimo ndani ya mbegu, katika kiinitete.

Jipime
Mkulima alichavusha ua jike la mmea P kwa chavua ya mmea Q. Boga lilifikia kilo 700. Akasema, “Uzito huu umetokana na jeni za Q.” Je, ni sahihi? Toa sababu mbili. (Alama 3)

*Jibu:* Si sahihi (alama 1). Nyama ya boga imetokana na ovari ya P, hivyo seli zake hazina jeni za Q (alama 1). Jeni za Q zimo kwenye viinitete vya mbegu. Athari yake katika uzito itaonekana kwa maboga ya mimea itakayoota kutokana na mbegu hizo (alama 1).

Ukiandika “si sahihi” bila sababu, utapata alama moja tu.